Ziwa Victoria: pesa ikiwa haitoshi tuanze na mazalia au vizimba?

Jamani wa kanda ya ziwa, hili tulijadili maana kila kukicha ni vizimba vya kufugia samaki, mara doria, mara magugu maji, na pesa ya kuokoa samaki wa ziwa haiwezi kutosha yote. Mi nasema mazalia kwanza, yaani sehemu samaki wanapozaliana: mafunjo na matete ya pembeni pamoja na midomo ya mito kama Simiyu na Mbalageti.

Sato hazalii kilindini. Dume anachimba shimo pale maji yanapokuwa mafupi, jike anataga, anayabeba mayai mdomoni, na vifaranga wakitoka wanajificha kwenye majani. Sasa nenda mwaloni uone kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota hadi ufukweni, likivutwa, linakuja na majani, tope, visato vya vidole viwili, na yale mashimo yote chini limeshayafukia. Pembeni hapo mtu kafyeka mafunjo kalima hadi majini wakati sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ndani ya mita 60.

Samaki aitwaye ningu ndo ananiuma zaidi. Mvua zikianza anapanda mto kutaga, na watu wanamsubiri hapo hapo mdomoni na nyavu akiwa na mayai tumboni. Sisi utotoni tulimla kila masika, wanangu hawamjui hata sura.

Kuna wanaosema kosa lote ni la sangara, aliletwa miaka ya 50 na 60 akamaliza furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Sawa, alimaliza wengi, ila humtoi tena, na tope nalo limechangia maana furu jike anachagua dume kwa rangi, maji yakichafuka haoni. Na kinachochuja tope la mtoni ni hayo hayo mafunjo tunayofyeka.

Vizimba sivipingi, vijana wamepata kazi, lakini samaki wa kizimba ni wa mwenye kizimba, yule wa mtumbwi na ndoano zake hapati kitu.

BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, wachague wenyewe mazalia yao, wawekewe maboya, pafungwe kabisa mwaka mzima. Pagumu ni kwa wavuta kokoro, wale wanalipwa kwa siku na wana watoto, bila kuwatafutia kazi nyingine watarudi usiku, na sitawalaumu.

Wa Magu na Bunda, kwenu mazalia yamebaki wapi na nani anayalinda?