Naomba ushauri: hili ua ni airisi kweli?

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, upande wa Kibosho. Shemeji alinipa machipukizi ya ua aliloambiwa ni airisi. Majani marefu kama panga, yamejipanga mithili ya pepeo la mkono. Wiki hii limechanua: jeupe, madoa ya njano, katikati zambarau hafifu. Linafunguka asubuhi, jioni limeshasinyaa!

Mimi nahisi ni Dietes iridioides, ndugu wa airisi anayeota porini huku kwetu Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini. Dietes grandiflora, aina nyingine ya Dietes, ua lake ni kubwa zaidi na halisinyai siku hiyo hiyo. Mama mkwe anabisha, anasema ni lile la Brazili linaloinamisha bua na kuotesha kitoto nchani. Bua langu limesimama wima. (Kwa mama mkwe sibishani sana, nampikia chai tu.)

Sasa kijana wa bustani amekata mabua yote yaliyomaliza kuchanua, nami nimesoma kwamba Dietes hurudia kuchanua kwenye bua lile lile. Yatachipua mengine, au nimepoteza msimu? Na nikitaka kuyagawa maua haya, nisubiri masika au hata sasa inafaa? Yako chini ya migomba, jua la asubuhi tu.