Naomba ushauri: hii "get" ya Kiingereza inanichanganya

Wakuu, habari za jioni. Nauza vinyago pale Mwenge. Juzi mteja mmoja mzungu kashika kinyago cha mpingo, kakigeuzageuza, nikamtajia bei. Akachukua namba yangu, akasema "I'll get back to you". Mimi nikajua anarudi. Nikakifunga kwenye gazeti, nikamsubiri hadi giza likaingia, daladala za Mbagala zikawa za kugombania. Kesho yake ndiyo meseji inaingia: bei imemshinda. Kumbe alimaanisha atanijibu!

Shuleni tuliambiwa "get" ni kupata, basi. Sasa "get up" ni kuamka, "get off" kushuka kwenye gari, "get angry" kukasirika, "I get it" nimeelewa. Wamarekani nao wana "gotten" yao, pale Waingereza wanaposema "got". Najua na sisi tuna "piga": unapiga simu, pasi, mswaki, hata kura, na hakuna anayeumia. Ila hiyo nimekua nayo.

Mliokwisha kuvuka hapa, mlifanyaje? Nikariri "get" na kila neno linaloifuata, au nishike sentensi nzimanzima? Na mteja akiniambia tena vile, nimjibu nini?