Tupeane uzoefu: mbunge wenu alipomaliza muda wake, aliwaachia nini jimboni?

BintiWaNgamiani
Wakuu habari za jioni. Leo naomba tupeane uzoefu, na nawaomba tusitaje jina la mtu wala la jimbo, kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake.

Kilichonikumbusha ni daftari. Jumapili nilikuwa kijijini kwetu, mbunge kaja kuaga, kasema hagombei tena, kasimama chini ya mwembe wa shule akasoma kazi zake zote tangu aingie, madarasa, kisima, mabati ya zahanati, barabara, watu wanapiga makofi. Mwisho akasema kwa sasa napumzika kidogo lakini nikiitwa kuwatumikia kwenye nafasi kubwa zaidi sitakataa. Mnajua wenyewe maneno hayo yanaelekea wapi.

Mimi makofi yalinishinda, maana kwenye mkoba nilikuwa na daftari la marehemu baba. Baba alikuwa kwenye serikali ya kijiji, na kila mkutano wa mbunge alikuwa anakaa mbele na counter book yake. Kushoto anaandika ahadi na tarehe, kulia anaacha nafasi ya vema. Na vema haweki kwa kusikia, anapanda baiskeli yake Phoenix anaenda kuona mwenyewe, ikiwa ni bomba analifungua anakunywa kwanza. Ule mstari wa kisima ndo unaniuma mpaka leo. Kaweka vema, baada ya miezi kaikata kaandika "pampu imekufa", halafu vema tena "imepona", halafu kaikata tena, mara nne kwenye mstari mmoja mpaka wino umevimba. Mara ya mwisho imekatwa na baba akafariki, hakuna aliyeweka vema tena.

Sasa nauliza, kwenu mbunge akiondoka vitu vyake vinabaki vinafanya kazi au vinaondoka naye?

MdigoWaDuga
Vinaondoka naye dada, hata usiulize mara mbili.

KaraniMstaafu
Mimi nilikaa miaka mitano ofisi ya mbunge kama msaidizi, sio hapo kwenu, acha niseme kwa upande wa ndani maana watu wengi hawaujui.

Saa kumi na mbili asubuhi nikifungua mlango benchi limeshajaa. Huyu ada ya mtoto, huyu sanda na usafiri wa maiti kutoka hospitali ya Bombo, yule kanyang'anywa shamba, mwingine anataka jezi za timu. Mbunge yuko Dodoma kwenye vikao, mimi nampigia namwambia mheshimiwa kuna msiba, anatuma elfu hamsini ya mfukoni kwake. Siku nzima ndo hiyo. Kazi aliyochaguliwa nayo, kupitisha bajeti, kutunga sheria, kuibana serikali kwa maswali, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuja kuniuliza ameuliza nini bungeni, miaka mitano yote, hata mmoja.

Alipoangushwa kwenye kura za maoni alirudi usiku akachukua picha zake ukutani, akaniachia ufunguo akasema nipe wiki mbili. Hakurudi. Mimi nikawa naenda kufungua kwa sababu watu walikuwa bado wanakuja. Kuna bibi mmoja alikuja siku tisa mfululizo na barua yake ya madai ya mirathi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, nikimwambia bibi mheshimiwa hayupo tena ananiambia "basi nitamsubiri hapa hapa baba". Siku ya kumi nikaenda naye mwenyewe kwa afisa tarafa. Faili lake lilikuwa limeshaandikwa barua tatu, zote kwa jina la mbunge binafsi, hakuna hata moja iliyopelekwa kwenye ofisi inayohusika. Hapo ndo nilijifunza kwamba tulikuwa tunawapokea watu tu, hatuwafikishi popote.

MamaK_Makorora
Kaka karani umenitoa machozi na huyo bibi.

Chumbageni1
Ila wananchi tumewaharibu wenyewe, mbunge asipotoa hela ya msiba tunamwita bahili. Semeni ukweli.

MdigoWaDuga
@Chumbageni1 usitugeuzie kibao, wao ndo walianza kutugawia khanga na kofia wakati wanaomba kura.

Chumbageni1
Na wewe ulipokea.

MdigoWaDuga
Nilipokea nikiwa na miaka kumi na tisa, leo nina watoto wanne siwezi kupokea tena. Nakwambia kwa uzito kabisa.

BabaWaMilimani
Nilikuwa nasoma tu sikutaka kuandika ila hili la vitu kuondoka na mtu limenigusa pabaya.

Sisi tuko juu milimani, udongo mwekundu, masika barabara inakuwa kama sabuni. Mbunge wetu wa wakati ule alituletea gari la wagonjwa. Siku ya kulikabidhi ngoma zilipigwa, kina mama walilifunga maua kwenye vioo, na mimi nilicheza. Nilifurahi kweli maana mama yangu mdogo alifia kwenye machela njiani.

Mwaka uliofuata akaangushwa. Miezi kama minne baadaye mke wangu alishikwa uchungu, mtoto wa kwanza huyo. Usiku wa pili nesi wa zahanati akaniambia hapa hapafai, mteremshe hospitali sasa hivi. Nikakimbia kituo cha afya, gari lipo, limeoshwa, limepaki vizuri kabisa. Dereva naye yupo kalala ndani ya gari lenyewe. Akaniambia kaka tangi ni tupu. Dizeli alikuwa anaweka mheshimiwa, na hata mimi posho yangu alikuwa ananilipa yeye, tangu aondoke sijapata shilingi, nalilinda tu lisiibiwe betri.

Saa nane usiku nikagonga nyumba kwa nyumba. Hela nilipata, watu walinichangia mpaka sarafu, lakini dukani kulikuwa na petroli tu ya bodaboda kwenye chupa za maji, dizeli hakuna. Mzee mwenye mashine ya kusaga ndo akakumbuka. Akaamka na msuli wake, akawasha kurunzi, akafungua tangi la mashine akanyonya kwa mpira mpaka akamwagikiwa mdomoni, tukapata kama lita saba. Lita saba zikatushusha mpaka kona ya tatu gari likaserereka mtaroni, vijana wakatoka na majembe na magunia, tukasukuma kwa zaidi ya saa moja. Mke wangu ndani hapigi tena kelele. Mimi hicho kimya ndo nakisikia mpaka leo, kelele zake sizikumbuki.

Tulifika adhana ya alfajiri. Mama alipona. Mtoto hapana, alikuwa wa kiume.

Niliporudi nikampelekea yule mzee hela ya dizeli akakataa, akasema nenda kamnunulie mgonjwa uji.

Sasa sikilizeni. Miaka mitano ikapita yule bwana akarudi, anautaka tena ubunge na watu wanasema anauangalia na uwaziri. Kwenye vipeperushi vyake kuna picha ya lile gari. Akatoa nafasi ya maswali nikasimama, sikumtukana, nilimuuliza moja tu: mheshimiwa ukitupa gari lingine, dizeli yake na mshahara wa dereva vitatoka fungu gani?

MamaK_Makorora
Innalillahi. Pole baba. Pole na mama yake.

MkwereWaNianjema
Pole sana kaka. Akajibu nini?

HakiYetu_Tz
Huyo mbunge ni muuaji, mngemshitaki!!

KaraniMstaafu
@HakiYetu_Tz punguza. Kosa lake ni kutoa gari bila kulikabidhi likaingia kwenye bajeti ya halmashauri, likapata fungu la mafuta kwenye OC, yaani hela ya matumizi mengineyo ya ofisi, na dereva wa kuajiriwa. Na halmashauri nao walilipokea kimya kimya kwa sababu halikuwagharimu kitu. Diwani alikuwepo, mganga mkuu alikuwepo, wote walipiga picha.

HakiYetu_Tz
Wewe ulikuwa ofisini kwao lazima uwatetee. Na Mfuko wa Jimbo je? Si wanakula wao?

KaraniMstaafu
Simtetei mtu, mtoto kafa hapa. Mfuko wa Jimbo upo kwa sheria ya 2009. Hela inaingia akaunti ya halmashauri, haiingii mfukoni kwa mbunge. Yeye ni mwenyekiti wa kamati, na kamati inakaa inapitisha miradi inayoibuliwa na wananchi. Mgao unaangalia idadi ya watu, umasikini na ukubwa wa eneo. Ni wa kuchochea, mmeanza ukuta wenu mnaongezewa mabati, na haujawekwa wa kulipa ada ya mtu mmoja. Nenda halmashauri uulize jimbo lako limepata kiasi gani na kimeenda wapi, ni haki yako. Mimi nikiwa ofisini hajawahi kuja mtu kuuliza, ndo maana nakwambia nenda.

Chumbageni1
Hapo karani kasema. Tunalalamika barazani na kahawa, halmashauri hatukanyagi.

HakiYetu_Tz
Sawa nitaenda. Ila bado nina hasira.

MkwereWaNianjema
Mimi niko Bagamoyo niongezee la mtu kuondoka na kutaka makubwa. Kwetu Pwani huwezi kumkatisha mtu tamaa, Kikwete alikuwa mbunge wa Chalinze hapo hapo jirani na waziri wa mambo ya nje, akawa Rais 2005. Kwa hiyo kila mbunge huku akimaliza anaona njia iko wazi. Na njia ziko nyingi, ukuu wa wilaya, ubalozi, zile nafasi 10 za Rais kuteua wabunge, au Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha ambalo kila nchi inatoa 9 na wanapigiwa kura na Bunge, sisi huku hatuulizwi.

Mimi kutaka cheo sikukatazi. Ninachoshauri, siku anayokuja kuaga ndo siku ya kumbana, maana bado analihitaji jina lenu. Mwambieni akabidhi kila kitu kwa maandishi, mtendaji asaini na diwani asaini, hiki ni cha nani na nani anakitunza. Akishapata cheo kingine simu haipokelewi.

MdigoWaDuga
Mimi nashauri tofauti, akija kuaga mle pilau lake muondoke, kura mpeni mwingine.

MamaK_Makorora
@MdigoWaDuga si umesema juu huko hupokei tena? Takrima, huko kuwakirimu wapiga kura, ilishafutwa na Mahakama Kuu 2006, na 2010 ikaja sheria ya gharama za uchaguzi. Mama ntilie kama mimi najua bei ya pilau, hakuna anayekupikia sufuria nzima bure.

MdigoWaDuga
Haya mama nimekoma, kweli nimejipinga mwenyewe.

Chumbageni1
Mimi naona mwacheni apumzike. Mtu katumikia, kachoka, kaaga kwa heshima. Wangapi wanaaga? Wengi wanaondoka usiku na picha zao kama alivyosema karani.

BabaWaMilimani
Mliouliza alijibu nini. Alinyamaza, akaomba maji ya kunywa. Halafu akasema hili sikulijua, na akaja nyumbani kutoa pole akakaa na mke wangu kwenye mkeka. Hilo sitamnyima. Kura sikumpa. Gari siku hizi lina dereva wa halmashauri, na kwenye mkutano wa kijiji kila robo mwaka tunasomewa mafuta yametumika kiasi gani. Tulilidai sisi baada ya mazishi.

BintiWaNgamiani
Baba wa Milimani nimesoma ujumbe wako mara tatu, sijui niseme nini, Mungu awape subira wewe na mama.

Mmeniuliza inbox kama nilimwonyesha mbunge daftari. Nilimwonyesha. Alipomaliza kusalimia nikamsogelea nikamwambia shikamoo mheshimiwa, haya ni mahesabu yako, aliyaandika baba. Alivaa miwani akasoma amesimama kurasa kama sita, wapambe wanamwambia muda umekwisha anawaashiria wasubiri. Kwenye madarasa baba alikuwa ameweka vema, yeye akaniambia "hapa mzee alinipendelea, tofali mlifyatua nyie, mimi nilileta mabati tu". Akaomba kalamu akaandika pembeni "mabati" akasaini. Alipofika mstari wa kisima akauliza hizi alama nyingi ni za nini, nikamweleza. Akaniuliza pampu imekufa lini mara ya mwisho nikamwambia kabla ya baba kufariki, akasema basi ni miaka miwili. Kumbe hakujua, na kwenye hotuba alikuwa amekisoma kama kazi nzima.

Kaahidi kuwapigia RUWASA, wakala wa maji vijijini. Nimeiandika ahadi hiyo kwenye ukurasa mpya, kwa mwandiko wangu, na tarehe.

KaraniMstaafu
Usisubiri simu yake. RUWASA ndo wenye maji ya vijijini tangu 2019, nenda ofisi yao ya wilaya na barua ya kijiji yenye mhuri wa mtendaji, na uulize kama kisima chenu kimo kwenye chombo cha watumia maji. Kama hakimo hakuna anayekusanya hela ya vipuri, ndo maana kinakufa kila mara. Kopi ya barua baki nayo.

FunduWaKange
Dada naona wote wanazungumza siasa, hebu niambie pampu yenyewe. Ni ya mkono? Ukipampu mkono unashuka mwepesi hautoi maji, au unagoma kabisa? Ukiwa mwepesi mara nyingi ni washa, zile pete za ngozi za kuvutia maji, zimekwisha huko chini, ni kazi ya nusu siku na vijana wanne wa kuvuta mabomba. Fimbo ikikatika nayo unakuwa mwepesi, na ukigoma kabisa kuna kitu kimekwama, hapo ni kazi nyingine.

BintiWaNgamiani
Unashuka mwepesi fundi. Watoto wanauchezea kama bembea.

FunduWaKange
Basi nadhani ni washa. Kina mita ngapi?

BintiWaNgamiani
Subiri, baba aliandika. Mita 38.

FunduWaKange
Nakuja Jumamosi, nitapanda gari la saa moja. Andaeni kamba ngumu na watu wanne wenye nguvu, na daftari uje nalo.