Nimenunua kayaki, nakaa Marumbi, bahari imenikimbia. Nisaidieni

KijanaMarumbi
Asalaam alaykum wadau. Mie si mvuvi wa kuzaliwa, kazi yangu fundi umeme, ila mwezi uliopita kuna hoteli moja huku mashariki ilikuwa inauza vitu vyake vya zamani nkachukua kayaki ya plastiki, ile ya kukalia juu, urefu kama mita 3 hivi, ilikuwa na ufa mdogo chini nkauyeyushia plastiki kwa soda aini na mpaka leo haijaingiza tone alhamdulillah. Sababu ya kununua ni video. Kila usiku naangalia wale Wamarekani wako kwenye kiziwa kidogo wanavua samaki wao wanamwita besi, mtu peke yake kwenye kayaki yake, kimya, anarusha chambo cha bandia pembeni ya majani, anavuta, anacheka. Nkasema mie nna ghuba nzima ya Chwaka, huku Unguja, mbele ya nyumba, nakosa nini?

Sasa jumamosi. Nimetoka saa kumi na mbili asubuhi, bahari imelala kama sinia, nkapiga kafi kuelekea nje na kwa kweli nlijiona bingwa maana chombo kilikuwa kinakwenda chenyewe. Nimefika pahala pana mabaka ya mchanga na mawe nkatupa nanga, nanga yenyewe jiwe, kamba nimeifunga kwenye ule mkono wa ubavuni. Weee. Kayaki ikakaa ubavu ubavu, maji yakaanza kupanda upande mmoja, nusra nipinduke, nkakata kamba kwa kisu, jiwe na kamba yote mita 15 buriani. Nkabaki naelea elea tu, nimepata mkundaji mmoja wa kiganja na bunju mmoja kajifutua kama mpira nkamrudisha. Saa nne nageuza kurudi, maji hakuna. Yani HAKUNA. Nimeburuza kayaki kwenye tope na nyasi za bahari karibu saa nzima, kombe zimenchana mguu, na akina mama wa mwani wamesimama wananitazama, mmoja kaniuliza "mwanangu hicho chombo au mkokoteni?"

Nakuulizeni nitoke saa ngapi, nanga nifunge wapi, chambo gani, na kama leseni inahitajika kwa kidude kama hiki. Mke wangu kasema nikiuze, na mama ndio kabisa, tangu ile meli ya Spice Islander izame 2011 hataki kusikia mtu wake yuko juu ya maji.

mpiga_soga
Hahahaha hicho ni mkokoteni sheikh. Uza ununue honda.

NahodhaMstaafu
Wa alaykum salaam mwanangu. Wewe hujakosa nguvu wala chombo, umekosa kuuliza leo mwezi ngapi, yani siku ya ngapi tangu uandame. Jumamosi ilikuwa mwezi kumi na tano, bamvua hilo. Huku kwetu mwezi ukiwa mpevu au ukiandama maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na baina yake saa nne asubuhi yamekauka, na hili hata mtoto wa madrasa analijua kwa sababu ndio saa mama yake anashuka kwenye mwani. Bamvua kubwa tofauti ya maji yakijaa na yakikauka inakaribia mita 4, na ghuba ya Chwaka sehemu kubwa haina kina hicho, basi yakitoka yametoka. Wewe umeingia saa kumi na mbili maji yana saa mbili tangu yaanze kupwa, ndio maana ukaona kafi nyepesi, si wewe uliokuwa unapiga, ni maji yanakuchukua. Hata hilo jiwe lako lilikuwa linapigana na mkondo wa bamvua.

Wale wa kwenye video wako ziwani mwanangu. Ziwa halipwi wala halijai, mtu anaamka anapotaka anakwenda anapotaka. Usimuige mtu ambaye maji yake yamesimama.

Sasa sikiliza. Maji kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Kwa hesabu hiyo mwezi kumi na moja na mwezi ishirini na sita maji yanamaliza kupwa kama saa moja asubuhi, na bado ni maji mafu, mkondo haujapata nguvu na hayakauki sana. Sali alfajiri, toka saa kumi na moja na nusu, maji ya mwisho yanakusogeza taratibu, saa moja yamesimama unavua, yakianza kujaa yanakurudisha mwenyewe, saa tatu uko nyumbani unakunywa chai. Unatoka na maji kupwa unarudi na maji kujaa, wazee wote wa dau na ngalawa walikwenda hivyo na wao walikuwa na tanga, seuze wewe na kafi.

Na ikikutokea tena umeachwa na maji usiburuze chombo. Kaa kwenye mkondo penye maji, subiri, yatarudi. Chukua maji ya kunywa na kipande cha mkate. Ukilazimika kutembea kwenye tope buruza miguu usiinyanyue, samaki taa hulala humo kajifukia, ukimkanyaga mwiba wake utaujua wewe na hospitali.

Nje ya mwamba usitoke. Sasa hivi ni matlai, upepo mpole, unaweza kujaribu, lakini kusi, upepo wa kusini, likishachacha mwezi wa sita na wa saba hicho kidude kiache kibarazani watoto wachezee.

KijanaMarumbi
Ami shukran sana, yani mie nlidhani nimepata misuli 😂 Kumbe.

Kipanga_Wete
Miye nipo Pemba, Wete, nina kayaki mwaka wa tatu huu, nilipewa na mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ya maji Nahodha kashasema miye nakupa ya nanga maana hapo ndipo utakapokufa, samahani kwa neno.

Chombo chochote chembamba nanga haifungwi ubavuni. Inafungwa omo, yaani mbele, au tezi, yaani nyuma, basi. Ukifunga ubavuni mkondo unakivuta chombo upande ule wa kamba, maji yanapanda, wewe unaegemea kuangalia kulikoni na ndio umekwenda. Miye nafunga tezi kwa sababu napenda mshipi uende mbele yangu na mkondo. Kamba iwe ndefu, kina kikiwa mita 5 toa kamba 15 au 20, ikiwa fupi nanga inanyanyuka kila wimbi. Na mwisho wa kamba funga chelezo, dumu la lita 5 linatosha, ikitokea mambo yameharibika unafungua fundo unaacha kamba na dumu lake linaelea, unarudi kuichukua baadae, hupotezi mita 15 kama ulivyopoteza.

Halafu kwenye mawe nanga inang'ang'ania. Dawa yake: kamba usiifunge kwenye pete ya juu ya nanga, ifunge chini kwenye makucha, kisha ipitishe juu uishike kwenye pete kwa uzi dhaifu tu. Ikikwama unavuta kwa nguvu uzi unakatika nanga inatoka kinyumenyume. Jaribu nchi kavu kwanza uone inavyofanya.

Laifu jaketi vaa, usiikalie. Kila mtu huku anaikalia. Na ningekushauri utie mrengu, mabomba mawili ya plastiki uzibe ncha, mti mmoja kati, inakuwa kama ngalawa unasimama hata ukitaka.

NahodhaMstaafu
Kipanga ya nanga umesema kweli lakini mrengu kwenye plastiki mie sikubali. Ngalawa mrengu wake umekaa kwenye mbao, umefungwa na mtu anayejua. Huyu atatoboa matundu kwenye chombo ambacho tayari kina kiraka.

Kipanga_Wete
Hatoboi ami, anafunga kwa mikanda. Yangu mwaka wa tatu.

NahodhaMstaafu
Haya.

Mmakunduchi_Naivasha
Nimecheka hapo kwenye besi. Mie mtu wa Makunduchi lakini niko Naivasha Kenya kwenye mashamba ya maua, na hao samaki wapo hapa, waliletwa ziwani 1929 kutoka Marekani, si wa huku. Nimeshamuona akivuliwa mara nyingi. Nyinyi Unguja ziwa la maana hamna, ila tabia yake ntakwambia kwa sababu unamjua ndugu yake wa tabia: chewa. Besi haogelei ogelei kutafuta chakula, anakaa kwenye kivuli cha mafunjo au gogo lililozama, katulia, kitu kikipita mbele ya pua anakimeza halafu anarudi kwake. Ndio maana jamaa wa video wanarusha karibu na majani. Chewa naye vivyo hivyo kwenye pango lake la mawe, kwa hiyo ule urushaji usiutupe wote, peleka chambo pembeni ya jiwe si katikati ya mchanga. Tofauti ni kuwa besi akishika anaruka juu na chewa anarudi ndani ya jiwe, ukichelewa kuvuta sekunde mbili unavuta jiwe.

Kipanga_Wete
Hapo pa kweli. Lakini mwambie aanze na samaki changu, chewa amuache kwanza, atamaliza ndoana zote.

Kijana, kwa changu: mshipi wa mkono, chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) ndogo tu ili chambo kishuke taratibu, chambo ngisi umkate vipande virefu vyembamba kama ulimi, ukikosa ngisi kamba mbichi. Tafuta yale mabaka uliyosema, mchanga unapokutana na mawe au nyasi, changu anapita pale pale mpakani asubuhi na mapema na magharibi. Akidona usivute, atadona mara mbili tatu, akichukua mshipi unauona unatembea, hapo ndio uvute. Samaki akishaingia mtie kwenye ndoo yenye kitambaa kibichi juu, usimuweke mapajani kama wale wa kwenye video wanaopiga picha, miba ya mgongoni ile.

Leseni ndiyo inahitajika, ya mvuvi na ya chombo, nenda kwa bwana diko wa kwenu, msimamizi wa pahala pa kushushia samaki, na kamati ya wavuvi wakuoneshe utaratibu, usisubiri mpaka ukamatwe na samaki watatu. Na ujue mipaka. Huku kwetu kisiwa cha Misali kuna sehemu havuliwi kabisa, kwenu Unguja kisiwa cha Chumbe mwamba wa magharibi umefungwa tangu 1994, hata kayaki usiipitishe na mshipi.

NahodhaMstaafu
Na mikoko ya kusini mwa ghuba yenu ni Hifadhi ya Taifa pamoja na Jozani tangu 2004. Nasema hivyo maana najua mtu akitafuta upondo, mti wa kusukumia chombo, jicho linakwenda kwenye mkoko.

MamaWaMwani
Asalaam alaykum. Naandikiwa na mwanangu. Mimi ndiye niliyeuliza mkokoteni. Sikucheka mimi, wamecheka wengine. Ila wewe kijana ulipokuwa unaburuza lile dude umepita kwenye shamba langu, kamba mbili zimekatika, taitai zote, vikamba vya kufungia mwani, zimetawanyika na mwani wa wiki nne umekwenda na maji. Nilinyamaza kwa sababu nilikuona mguu unatoka damu. Pegi zangu zinaonekana maji yakiwa makavu, ukiziona zunguka.

KijanaMarumbi
Mama nisamehe sana, wallahi sikujua, mie nlidhani ni vijiti tu. Ntakuja kuzifunga kamba mwenyewe na samaki wa kwanza wa haja ni wako.

mpiga_soga
Fundi umeme akafunge mwani. Hii nakuja na kiti.

KijanaMarumbi
Haya wadau narudi na mrejesho, leo mwezi ishirini na sita. Nimeweka nanga ya chuma yenye makucha, kamba mita 20 tezi, dumu la mafuta ya kula ndio chelezo, laifu jaketi nimevaa mpaka mke wangu kaja kuikaza mwenyewe. Nimetoka saa kumi na moja na nusu bado giza giza, umande unapuliza kutoka nchi kavu, unabaridi kidogo. Nkafika kwenye mabaka yale yale. Nanga ikashika, kayaki ikageuka yenyewe tezi ikaangalia mkondo ikatulia tuli, yani nilikaa dakika kumi sifanyi kitu nashangaa tu.

Mara ya kwanza alivyodona nkavuta mapema, katoka. Ya pili vilevile, nkajitukana. Ya tatu nkaiacha, mshipi uko kwenye kidole cha shahada, tik, tik, halafu ukaanza kusogea pole pole kama mtu anavuta uzi wa cherehani, nkavuta. Changu, mkubwa kuliko kiganja changu na vidole. Baadae mwengine mdogo wake, na kelea mmoja. Kwenye saa mbili hivi nimeona nyasi chini zimegeuka zinalalia upande wa nyumbani nkajua yanajaa, nkafungua nanga, na kurudi kwenyewe nilikuwa naweka kafi majini mara moja moja tu.

Nimezunguka pegi ami. Nimezunguka mbali. Chewa nimempa ndoana mbili kama alivyosema Kipanga, nashukuru hakuchukua na mkono. Mrengu bado nafikiria, nyinyi wawili malizaneni kwanza.

NahodhaMstaafu
Mashaallah. Mwezi mpya ukiandama usitoke kwa mazoea, hesabu tena.

MamaWaMwani
Changu nimepokea, Mungu akuzidishie. Kamba ya kwanza umeifunga vizuri. Ya pili bado.