Mrejesho: mlio wa ekzosi ya MGB

Asanteni mlionijibu nilipouliza kwa nini MGB ya ami yangu, gari la zamani la michezo la Kiingereza, hunguruma kwa sauti nzito injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, kisha hulia kwa sauti ya juu injini ikikazwa, na kwenye mwendo mmoja tu huvuma mpaka vioo vinatetemeka.

Fundi wetu hapa Malindi ameithibitisha hesabu yenu. Injini ya mipigo minne huchoma mafuta mara moja kwa kila silinda katika mizunguko miwili. Silinda nne kwa mizunguko 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 ya moshi kila sekunde. Kwa 6,000 huwa 200, sauti ikapanda oktava nzima. Jaguar E-Type ya silinda sita hutoa 150 kwa 3,000 ile ile, na kwangu mimi hakuna mlio mtamu kuliko huo.

Ule mvumo watoka kwenye bomba lenyewe. Urefu wake haubadiliki, kwa hiyo mapigo yakiwiana na mtikisiko wa hewa iliyomo, sauti huvimba, kama zumari. Nyuzi za kufyonza sauti ndani ya sailensa, kifaa cha kupunguza kelele kwenye ekzosi, zilikuwa zimeoza. Zimewekwa mpya, na sasa twaenda Mambrui tukizungumza. Mlioshauri sailensa ing'olewe kabisa, ami amekataa: majirani wana watoto wachanga.