Wasimamizi wa miradi huria, mkifomati mradi mzima usiku mmoja kazi zetu mnazipeleka wapi?

Wakuu, habari za muda huu. Nimekuja na hasira na sitaificha.

Kuna mradi huria (msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuuchangia) wa lugha ya programu ya Python ninaochangia, wa kusoma na kusahihisha takwimu za vituo vya hali ya hewa. Jina naliacha. Wiki iliyopita msimamizi mmoja kaamua peke yake kuingiza Black, fomata inayopanga upya mwonekano wa msimbo bila kugusa maana yake, kaipitisha kwenye mafaili yote, kaunganisha kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya mradi, usiku huohuo. Hakuna tangazo, hakuna aliyeulizwa. PR (maombi ya wachangiaji kuingiza mabadiliko yao) zilizokuwa wazi, zikiwemo zilizoshakubaliwa na kusubiri tu kuunganishwa, zimeamka na migongano kila faili, maana mistari ileile imebadilishwa pande mbili. Yangu ni mojawapo. Kuuliza, naambiwa nivute tawi kuu jipya nitatue migongano mwenyewe. Sentensi moja, na kikatuni cha tabasamu.

Kabla hamjaniambia napinga maendeleo: sina ugomvi na Black. Watu wa lugha ya Go wana fomata yao, gofmt, tangu lugha yao itangazwe mwaka 2009, na huwakuti wakigombana kuhusu nafasi na mabano. Mimi pia nimechoka kurudishiwa PR kwa sababu ya nukuu moja au nukuu mbili. Fomata iwekwe, tena ingewekwa zamani.

Kinachoniuma ni hiki. Ndani ya badiliko lilelile la kufomati, huyu bwana kachomeka na marekebisho ya hesabu. Maelfu ya mistari iliyobadilika nukuu au kukatwa isizidi herufi 88, halafu humo katikati mistari mitatu inayobadilisha namna ya kujaza thamani zinazokosekana. Mvua ya siku ambayo kituo hakikuripoti ilikuwa inaachwa wazi, sasa inawekwa sifuri! Nani angeiona humo? Kwa anayefuatilia ukame, siku isiyo na taarifa na siku isiyo na mvua ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na kuchanganya huku kumeua kila kinga iliyokuwepo. Badiliko la kufomati likiwa peke yake, mkaguzi hahitaji hata kulisoma. Anachukua msimbo wa zamani, anaendesha toleo lilelile la Black, analinganisha. Vikifanana herufi kwa herufi, basi, pitisha. Black yenyewe kabla ya kuandika faili hulinganisha muundo wa programu wa kabla na wa baada, ihakikishe maana haijaguswa. Kinga zote hizo umezitupa kwa sababu ya uvivu wa kufungua PR ya pili.

Twende kwenye historia. Git ndiyo programu inayotunza historia ya msimbo, na amri yake ya git blame huonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho. Ukiiendesha leo, karibu kila mstari una jina la huyu bwana, hata ile iliyoandikwa na watu walioacha mradi zamani, ambao maelezo yao kwenye historia ndiyo pekee yanayotuambia kwa nini kipimo fulani kinazidishwa hivi na siyo vile. Dawa ipo. Tangu Git 2.23 ya mwaka 2019 unaweza kuiambia iruke badiliko fulani, na GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya Git, nayo inalisoma faili la .git-blame-ignore-revs lenye orodha ya mabadiliko ya kurukwa. Kaliweka, ndiyo, ila kaandika utambulisho (namba ambayo Git hulipa kila badiliko) wa badiliko lililokuwa kwenye tawi lake. Wakati wa kuunganisha mabadiliko yalikunjwa kuwa moja, likapata utambulisho mpya. Faili linaelekeza kwenye kitu ambacho tawi kuu halina. Hata tukilisahihisha, tutakuwa tunaficha na ile hesabu iliyochomekwa!

Sasa jedwali. Tulikuwa na orodha ya vipimo vya kusahihishia, mistari 5 ya namba 12, kila mstari kituo, kila namba mwezi, imepangwa kwa mkono ili jicho lishuke Januari hadi Januari. Mwisho wa kila mstari kuna jina la kituo: Dodoma, Tabora na kadhalika. Black imeimwaga namba moja kila mstari, mistari 60 kwenda chini. Neno Dodoma sasa limebaki limening'inia pembeni ya namba ya Desemba peke yake. Kuzuia hili ni kuiambia Black isiliguse: unaweka # fmt: off juu ya jedwali na # fmt: on chini yake. Angetuuliza tuliolijaza, tungemwambia.

Waliofanya kistaarabu wapo. Django, mradi wa Python wa kujengea tovuti, walijadili pendekezo lao la kutumia Black waziwazi, likakubaliwa mwaka 2019, lakini hawakukimbilia. Walisubiri Black itoke kwenye majaribio. Toleo thabiti la 22.1.0 likatoka Januari 2022, Februari wakafomati, na faili la kuruka wakaliweka. Mradi mkubwa kiasi hicho ulisubiri miaka, wewe na wachangiaji wachache umeshindwa kusubiri tumalize PR zilizo wazi?

Halafu hakufunga toleo, yaani hakutaja ni toleo lipi la Black wote watumie. Black hubadilisha mtindo wake thabiti mwanzoni mwa mwaka, hivyo ikifika Januari mchangiaji mwenye toleo la zamani kwenye kompyuta yake atakuta ukaguzi unamkatalia kwa mistari ambayo hajaigusa. Ni mstari mmoja tu wa mipangilio, kakosa muda wa kuuandika.

Hata njia ya kuokoa PR zetu kaiziba. Kwa kawaida unaleta tawi lako hadi badiliko la mwisho kabla ya kufomati, unaendesha Black humo, kisha unaunganisha badiliko la kufomati huku ukiiambia Git ibakize upande wako. Kazi ya dakika chache. Lakini hapa nikibakiza upande wangu nafuta mabadiliko yake ya hesabu, na kesho nitaitwa mharibifu.

Nimemwandikia ninachotaka: arudishe nyuma lile badiliko, hesabu aifungulie PR yake tuijadili, PR zilizokubaliwa ziunganishwe kwanza, ndipo afomati kwa toleo lililofungwa, siku iliyotangazwa. Hajajibu. PR yangu iko wazi na sitaigusa mpaka ajibu. Wenye PR zilizokwama kwenye mradi huohuo, mnajijua, njooni tusaini kwenye ile hoja niliyoifungua.