Waunda seti za kujengea, mnatutengenezea tucheze au tukae tunazitazama?

Wakuu salaam. Leo nimekuja na hasira na naomba mnivumilie maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, na kila nikiona uzi mwingine wa kusifia picha za seti mpya "aisee imetulia, cheki hizo detail" napandwa na presha kabisa. Hivi hawa wanaodizaini seti za vitofali siku hizi kuna hata mmoja anayempa mtoto ile seti aichezee wiki nzima kabla haijaenda kiwandani? Mimi naona hakuna. Wanaunda kitu cha kupigwa picha, basi, halafu mwishoni ndo wanakumbuka kwamba hiki ni toi, wanachomeka kamlango kanakofunguka robo na kamtego kamoja ka kuangusha kijitu, wanaandika kwenye boksi kwamba seti ina michezo kibao.

Nawapa mfano mmoja tu muelewe nasema nini. Hapa nyumbani wanangu wana ngome, kampuni siitaji. Kwa mbele ni nzuri sana, siwezi kudanganya, mawe yamepangwa mengine yametokeza mengine yameingia ndani, kuna mimea inatambaa ukutani, rangi tatu za kijivu zimechanganywa mpaka unaona ukuta umezeeka. Sasa njoo kwenye geti. Kuna daraja la kuinua, ambalo ndo sababu ya mtoto yeyote kutaka ngome, na hilo daraja limeshikwa na klipu mbili ndogo kwenye ukingo mmoja, halafu juu yake wamelibebesha vipande laini pande zote mbili ili lionekane mbao nzito. Uzito wote uko mbali na bawaba. Kamba inavuta kutoka juu, klipu zinateleza, daraja linachomoka lote linabaki linaning'inia kwenye kamba. Ukilirudisha inabidi ubonyeze kwa nguvu, na ukibonyeza, ile mimea na vile vijiwe vya pembeni vinamwagika maana kila kimoja kimeshikwa na kinundu kimoja tu, yaani kale kauvimbe ka juu ya kitofali kanakoshika kipande kingine. Mtoto akishaokota vipande mara mbili tatu anaacha kugusa geti. Anacheza na wale farasi pembeni huku ngome imekaa kama sanamu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa yake ni ndogo mno. Nimetoa zile klipu, nimepitisha ekseli moja ndefu kutoka ukuta mpaka ukuta kwenye vitofali vyenye tundu, kwenye kishikio cha kuzungushia kamba nikaweka pini yenye msuguano ili daraja likiachwa nusu libaki nusu lisidondoke, na upande wa chini wa daraja ambao hakuna mtu anauona nikapunguza mapambo. Ukisimama mbele hujui kama kuna kitu kimebadilika. Yaani muonekano haujapungua hata chembe na geti linafanya kazi. Sasa niambieni, kama mtu asiyelipwa hata senti anaweza kuliona hilo akiwa amekaa kwenye mkeka, mtu ambaye hiyo ndo kazi yake ya kila siku anashindwaje?

Najua kuna mdau atakuja kuniambia huelewi, uzuri na mchezo vinagombana, lazima uchague kimoja. Sawa vinagombana, lakini tuseme vinagombania nini. Kitofali cha LEGO umbali kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, kitofali kizima kina kimo cha milimita 9.6, na kile kibapa chembamba ni 3.2. Vibapa vitano vikipandana unapata milimita 16, ambayo ni vinundu viwili kamili. Ndo maana unaweza kugeuza vipande vikalala kwa ubavu na vikakutana sawasawa na vile vilivyosimama, na ndo hapo uzuri wote wa siku hizi unapotoka, kuta zisizoonyesha vinundu, mbele ya gari iliyochongoka, madirisha yenye fremu nyembamba. Ni ufundi mkubwa na mimi naupenda. Lakini kipande kilicholala ubavu mara nyingi kinashikwa na kipande cha pembe chenye vinundu viwili au vinne, na nguvu ya mkono wa mtoto inakuja kutoka pembeni, upande uleule ambao kinabandukia. Kwa hiyo swali la mdizaini ni dogo tu: mkono utashika wapi? Pale patakaposhikwa, jenga kwa kupandanisha na kufungamanisha kama ukuta wa kweli. Pale ambapo mkono haufiki, pamba utakavyo, weka hata maua elfu. Hawaulizi hilo swali, ndo ugomvi wangu.

Na msiniambie haiwezekani maana imeshawezekana zamani sana. Godtfred Kirk Christiansen wa LEGO alipopeleka maombi ya hataza ya kitofali kule Denmark tarehe 28 Januari 1958, jambo lenyewe jipya lilikuwa yale mabomba ya ndani yanayofanya kitofali kishike vizuri halafu bado mtoto aweze kukibandua. Kushika na kuachia, vyote viwili kwa pamoja, huo ndo msingi wa hii kitu toka siku ya kwanza. Mwaka 1978 kikaja kijitu kinachozungusha mikono na miguu, na mwaka huohuo ikatoka ile ngome ya njano, namba 375. Ukiiangalia leo kwa macho ya leo ni mabonge ya njano yamepandana, hakuna detail ya kuitolea macho, lakini kuta zake zina bawaba unaifungua mkono unaingia ndani. Mkono mzima! Siyo ncha za vidole viwili.

Mnataka mfano wa seti nzuri kwa sura? Haya, zile nyumba za mtaani za LEGO zilizoanza na Cafe Corner mwaka 2007. Zile zinauzwa kwa muonekano, hakuna anayebisha. Lakini kila ghorofa linanyanyuka lote zima, na siri iko kwenye ukingo wa juu wa ukuta: wamepanga vipande laini kuzunguka, wakaacha vinundu vichache tu hapa na pale. Ghorofa la juu linakaa mahali pake halitelezi, ukilivuta linaachia bila kung'oa ukuta. Mtu alikaa akafikiria ni vinundu vingapi vinatosha. Hicho tu ndo ninachokidai, mtu akae afikirie! Ile ya kwanza ndani ilikuwa tupu kabisa, baadaye wakaanza kuweka samani na vyumba, maana yake walikuwa wanaendelea kuboresha kwenye mchezo bila kuharibu sura.

Tuje kwenye vyombo vya anga, hapa ndo naomba Mungu anipe subira. Chombo cha anga mtoto anakishika anakirusha hewani anazunguka nacho nyumba nzima, huo ndo mchezo wake wa kwanza hata kabla hajafungua chochote. Sasa unakuta chombo kina mabawa marefu yamechongoka vizuri, uzito wote uko mbele, na katikati pale ambapo kiganja kinatakiwa kishike wamejaza mabomba na vidude vya urembo, ukishika tu vimebaki mkononi. Kifuniko cha chumba cha rubani kimekaa sambamba na bodi hakuna hata upenyo wa kuingiza kucha. Nani atakifungua? Na rubani ukishamtumbukiza humtoi mpaka upindue chombo ukitikise. Kijitu kina urefu kama sentimita 4, mnajua ukubwa wake toka 1978, kwa nini mnajenga chumba kinachomtosha yeye tu wakati anayemwingiza na kumtoa ni mtu mwenye vidole?

Miguu ya kutua ndo sitaki hata kuizungumzia.

Halafu ile hoja ya "hizi ni za watu wazima". Sikilizeni. Kama boksi limeandikwa 18+ kama LEGO walivyoanza kufanya mwaka 2020, mimi sina kesi. Ile Millennium Falcon kubwa ya 2017, chombo cha anga cha kwenye filamu za Star Wars, yenye vipande 7,541 hakuna anayetegemea mtoto akimbie nayo sebuleni, ni ya kuweka juu ya kabati na kila mtu anajua, na kwa anayetaka ya kuchezea zimeshatoka za saizi ndogo zenye paa linalofunguka. Huo ni uungwana, mnunuzi anajua anachukua nini. Hasira zangu ni kwa boksi lililoandikwa miaka minane na kuendelea, lenye picha ya mtoto anacheka, mishale mikubwa ya rangi inaonyesha mlango unafunguka na kreni inanyanyua, halafu ndani kuna kitu ambacho kingetakiwa kiwe kwenye kioo. Huo ni uongo anaodanganywa mtoto. Mtoto wa miaka minane akiona geti linambomokea mikononi anaamini yeye ndo kajenga vibaya. Nimewaona wangu wakirudia kurasa za maelekezo kutafuta walipokosea wakati hawajakosea popote, na hapo ndo niliposhindwa kunyamaza.

Na nyie ndugu zangu mnaotengeneza rivyu za video na mna wafuasi wengi, na nyie mna sehemu yenu. Dakika ishirini mnazungusha seti kwenye kimeza taratibu na taa nzuri, mnahesabu stika, mnalalamika rangi ya kipande kimoja haijafanana na jirani yake, kwenye mchezo mnafungua mlango mara moja kwa ncha ya kidole mnasema "na hapa panafunguka, safi". Kampuni zinawasikiliza nyie kuliko sisi. Kwa hiyo naomba rivyu ijayo mshike kitu kama mtoto anavyoshika, mkinyanyue kwa mkono mmoja, mkipindue, mfungue na kufunga geti mfululizo mara hamsini mbele ya kamera bila kukata video, halafu mtuonyeshe vipande vilivyobaki mezani. Na mdau yeyote humu mwenye seti ambayo ni nzuri kwa sura na inahimili kuchezewa, aweke hapa chini jina lake na ueleze bawaba imefungwaje, picha ya kwa mbele siihitaji.